Mwaka wa matayarisho: tuulize mbele ya kuuza parseli

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali, ile Exetat yetu, yakitoka tu, mitaa ya Kolwezi, Likasi, Fungurume na Lubumbashi inajaa poda. Watoto wanamwagiana poda nyeupe kichwani, wa mama wanapiga vigelegele, na baba aliyetoka zamu ya usiku anasimama mlangoni, hajalala, anacheka. Ni haki yake kucheka. Amelipa minerval miaka na miaka, mara nyingine kwa deni, mpaka diploma imeingia mu nyumba.

Lakini siku hizi, mbele hata poda haijafutwa, mtu ameshabisha hodi. Yuko na karatasi za rangi, yuko na picha za majengo ya vioo, yuko na simu mbili. Wengine wanamwita ajansi, wengine komisionere, wengine wanasema tu "ule anajuaka mambo ya viza". Maneno yake ni yale yale kila kartie: "Papa, mutoto ataenda kule. Mwaka ya kwanza anajifunza luga tu, kiisha anaingia mu iniversite direkti. Shida hapana. Lipa mbio, juu nafasi zinaisha."

Sisi wa sendika tunataka kusema leo juu ya huo mwaka wa kwanza. Si juu ya safari yote, wala juu ya viza. Juu ya mwaka mmoja tu, ule unaoitwa mwaka wa matayarisho. Kwa sababu mu ofisi zetu tumeona kwamba njo pale franga za wafanyakazi zinapotelea, na njo pale watoto wetu wanakwama.

Ni mwaka gani huu?

Mwaka wa matayarisho ni daraja kati ya sekondari na chuo kikuu. Mtoto amemaliza sekondari, yuko na diploma, lakini kuna kitu kinapungua ili aweze kukaa mu darasa moja na watoto wa nchi ile. Mara nyingi ni vitu viwili: lugha, na hesabu ao sayansi. Basi wanampa mwaka mmoja wa kujifunza lugha, pamoja na hesabu, fizika ao kemia kwa lugha ile ile. Mwishoni kuna mtihani. Akifaulu, anaingia mwaka wa kwanza wa kweli. Akianguka, haingii.

Sentensi hiyo ya mwisho njo ile komisionere hasemaki.

Kitu chenyewe si kibaya, wala si kigeni kwetu. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilipofunguliwa mu 1954 kule Kinshasa, siku zile Léopoldville, kiliwaweka vijana wetu kwanza mu mwaka wa matayarisho, juu shule za sekondari za wakati ule hazikuwa zimewapa yote chuo kilitaka. Na hapa UNILU, kila mzazi mwenye mtoto anayetaka Polytechnique anajua neno prepa. Vijana wenye diploma nzuri wanaingia pale, na wengi hawavuki. Hakuna anayesema prepa ni wizi. Tunasema: prepa ni ngumu, mtoto ajitayarishe.

Sasa tuulizane. Kama tunajua hivyo juu ya prepa ya hapa Lubumbashi, ambako masomo ni kwa Kifaransa na mtoto anakula ugali wa mama yake, namna gani tunakubali mtu atuambie kwamba prepa ya mbali, kwa lugha mtoto hajasikia hata siku moja, ni "mwaka ya luga tu"?

Tena kuna jina letu kubwa mu historia hii. Mu 1960 Warusi walifungua Moscow chuo kikuu kwa vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mu Februari 1961, mwezi mmoja tu nyuma ya Patrice Lumumba kuuawa huku kwetu karibu na Élisabethville, walikipa chuo kile jina lake. Jina liliondolewa mu 1992, na mu 2023 likarudishwa. Vijana waliofika pale hawakuanza na udaktari ao uenjenyere. Walianza na fakulte ya matayarisho: Kirusi kwanza, kiisha hesabu na sayansi kwa Kirusi. Waliovuka mwaka ule njo walirudi na diploma. Kwa hiyo hatusemi kwamba mwaka wa matayarisho ni uongo. Tunasema ni kazi, na kazi inapimwa mbele ya kuanzwa, sawa vile hatuingii mu shimo bila kupima hewa.

Kila nchi na sheria yake

Tuanze na China, juu leo mu Lualaba miniere nyingi ziko mikononi mwa makampuni ya China, na wazazi wengi wanafikiri kule kwanza. Serikali ya China inatoa bursi, yaani msaada wa masomo. Tangu miaka ya 2010, mtoto anayepewa bursi ile kwa masomo ya licence kwa Kichina, na bado hajui Kichina cha kutosha, anawekwa kwanza mwaka mmoja mu darasa la matayarisho. Anajifunza Kichina, na kama ni wa sayansi, anasoma pia hesabu, fizika na kemia kwa Kichina. Mwishoni mtihani. Anayeanguka anaweza kupoteza bursi. Mwenye bursi halipi shule wala chumba, na anapewa yuan 2.500 kila mwezi. Lakini mtoto aliyepelekwa na komisionere bila bursi, yeye analipa yote: mwaka wa lugha, chumba, bima, na kiisha chuo chenyewe. Wote wawili wakipiga simu wanasema, "Niko China, ninasoma." Mfuko wa baba njo unajua tofauti.

Ujerumani wako na shule maalum inaitwa Studienkolleg. Inapokea watoto ambao diploma ya nchi yao haiwafungulii chuo cha Kijerumani moja kwa moja. Ni semesta mbili. Kozi zinagawanywa kufuatana na kazi mtoto anataka: kozi T ni ya uenjenyere na hesabu, kozi M ni ya udaktari, kozi W ni ya uchumi. Kuna mtihani wa kuingia, mara nyingi Kijerumani na hesabu, na kuna mtihani wa kutoka. Ule wa kutoka mtu anaweza kuurudia mara moja tu. Zile za serikali hazilipishi masomo, ni mchango mdogo tu wa kila semesta. Hapo komisionere anapiga kelele: "Bure! Ujerumani ni bure!" Lakini mtoto anapaswa kujua Kijerumani kwa kiasi mbele ya kufika. Tena, kama hana bursi wala mdhamini, tangu mu 2024 anapaswa kuonyesha euro 11.904 zilizofungwa mu banki kwa mwaka wa kwanza, ambazo atatolewa 992 kila mwezi. Ni franga yake mwenyewe, haipotei, lakini lazima iwe pale. Masomo ya bure hayafanyi maisha kuwa ya bure.

Uturuki, serikali yao inatoa bursi kila mwaka. Kuomba hakulipishwi hata senti moja. Kwa masomo ya licence, mtoto awe chini ya miaka 21. Mwaka wa kwanza ni wa Kituruki, na anayeshindwa lugha anapoteza bursi. Sasa sikia: kama kuomba ni bure, ile dola mia mbili komisionere anaita "frais ya dosiye" inaenda wapi? Labda ni kazi yake ya kujaza karatasi. Sawa, kazi ilipwe. Lakini aseme ni ya kwake, asiseme ni ya Waturuki.

Uingereza, mtoto wao anasoma miaka 13 mbele ya chuo kikuu. Wetu anasoma 12: sita ya msingi na sita ya sekondari. Njo maana vyuo vingi vya kule vinaomba mtoto wa nje afanye kwanza mwaka wa msingi. Na mwaka ule mara nyingi unaendeshwa na kampuni ya biashara iliyopatana na chuo. Inafundisha kweli, lakini inauza, na bei yake ni ya mtu wa nje. Alama za kuvuka zimeandikwa mbele. Asiyezifikia, chuo hakimchukui, na kampuni hairudishi franga.

Ubelgiji, Ufaransa na Moroko ni jambo lingine, juu kule vyuo vingi vinafundisha kwa Kifaransa. Mtoto aliyefanya Exetat kwa Kifaransa akiuziwa "mwaka wa lugha" wa Kifaransa, mzazi aulize mara mbili, mara tatu.

Barua ilisema kweli

Tulimpokea mzazi mmoja, shofere wa kamyo kubwa mu kariere. Hatutaji jina lake, wala la ajansi iliyomchukua mtoto wake. Binti alikuwa amefaulu vizuri mu bio-chimie. Baba aliuza parseli yake ya pili, ile alikuwa anaijengea uzee. Franga haikufika. Iliyobaki alikopa kwa Banki Lambert, ile mikopo ya mtaani inayozaa mpaka inamla mwenye deni.

Aliambiwa "Ulaya". Mtoto alifika kisiwa cha Kipro, ile Wafaransa wanaita Chypre, upande wa kaskazini. Upande ule uko na serikali yake, lakini mu dunia nzima ni Uturuki peke yake inayoitambua. Ubalozi wetu haupo pale. Na karatasi ya kukaa pale haimpi mtu ruhusa ya kuvuka kwenda nchi za Ulaya. Kuna vyuo pale vinavyofundisha kweli, hatukatai. Lakini vingi vinafundisha kwa Kiingereza, na mtoto asiyefaulu mtihani wao wa Kiingereza anaanzia shule ya matayarisho, na analipia.

Binti yule alianzia pale. Mu Januari akaanguka mtihani. Ikabidi alipe semesta nyingine ya matayarisho, mbele hata ya kugusa somo moja la udaktari. Wakati ule ule mkataba wa baba yake mu kampuni ya sutretansi ukaisha, haukuandikwa tena. Semesta haikulipwa, chuo kikamfuta. Kule, karatasi ya kukaa inafuata uandikishaji wa shule. Shule ikikufuta, karatasi inakufa. Leo anaosha vyombo mu restora, bila karatasi, na anaona haya kurudi mikono mitupu.

Baba alituletea ile barua ya kwanza. Tukatafuta mtu wa kuisoma. Ilikuwa kurasa mbili za Kiingereza, na mu nyumba yao hakuna anayesoma Kiingereza. Ilikuwa imeandikwa wazi: mtoto amepokelewa mu shule ya matayarisho, kuingia fakulte kutategemea mtihani. Barua haikudanganya. Mdomo wa komisionere njo ulidanganya.

Tusimcheke baba huyu. Ni mtu anayeshusha kamyo ya tani mia moja usiku, mu mvua, mu barabara ya matope, na hajaangusha hata siku moja. Si mjinga. Hakuwa tu na mtu wa kumsomea barua mbele ya kulipa.

Hesabu ya miaka mitano

Komisionere anataja bei ya mwaka mmoja. Mzazi anahesabu mwaka mmoja. Lakini masomo ya miaka minne pamoja na mwaka wa matayarisho ni miaka mitano. Mtoto akirudia matayarisho, ni sita. Udaktari unapita hapo. Ukilipa mwaka wa matayarisho tu, umelipa mlango, nyumba bado.

Sasa tuangalie upande wetu. Kanuni ya kazi ya nchi yetu inasema mkataba wa muda hauwezi kupita miaka miwili. Na mu sutretansi wengi wetu tuko na mkataba wa miezi sita ao wa mwaka mmoja. Mtu mwenye mkataba wa mwaka mmoja anaahidi masomo ya miaka mitano. Anajua moyoni mwake kwamba hajui. Anasema, "Mungu atafungua." Tunaamini Mungu, lakini chuo kinatuma fakture kila semesta.

Wazee wetu wa Gécamines wanakumbuka mwaka wa 2003, wakati wa ile "departs volontaires", watu zaidi ya 10.000 walipoacha kazi na feza ya mkono mmoja. Tuliona namna feza ya mara moja inavyokwisha. Kila mtu mwenye maneno matamu alikuwa na mradi wa kumwonyesha mwenye bahasha. Leo bahasha ni dekonti ya mwisho wa mkataba, na mradi unaitwa "masomo ya inje". Dekonti ni jasho la miaka. Isitoke mu siku mbili kwa maneno ya mtu asiyeacha hata anwani.

Maulizo ya kuuliza mbele ya kulipa

Ya kwanza. Barua inampokea mtoto wapi: mu chuo kikuu, ao mu shule ya matayarisho tu? Ni shule moja ao ni mbili? Isomwe na mtu anayejua lugha ya barua, na mtu yule asiwe komisionere.

Ya pili. Mtihani wa mwisho ni upi, alama za kuvuka ni ngapi, na mtoto anaweza kuurudia mara ngapi? Ikiwa hakuna mtihani kabisa, uliza zaidi, juu mwaka usiopimwa mara nyingi ni mwaka usiofungua kitu.

Ya tatu. Akifaulu, ni chuo gani kinapaswa kumchukua, na imeandikwa wapi? "Anaweza kuomba" si sawa na "anaingia". Darasa lingine linamtayarisha mtoto kwa chuo kimoja tu. Akikikosa, cheti kile huenda hakimfai mahali pengine.

Ya ine. Mtoto alisoma opsio gani hapa? Aliyefanya pédagogie ao commerciale, akitumwa uenjenyere, atakutana na hesabu na fizika alizoacha zamani, tena kwa lugha mpya. Anaweza kuvuka, tumeona waliovuka, lakini aanze kujitayarisha hapa, mwaka mzima mbele.

Ya tano. Nani analipa mwaka wa pili, wa tatu, wa ine? Chukua karatasi, andika kila mwaka na mahali feza itatoka. Pale hauna la kuandika, njo pale mtoto atasimama.

Ya sita. Franga inalipwa kwa nani? Chuo cha kweli kiko na konti ya banki kwa jina la chuo. Franga ya shule isipite mu simu ya mtu. Komisionere alipwe kazi yake peke, kwa risiti, na bei yake iandikwe.

Sisi tunalomba nini

Hatutaki kuacha mzigo wote juu ya mzazi. Miniere zinachimba hapa, na zinahitaji maenjenyere, wakemia, watu wa jeolojia. Kila siku tunaambiwa kwamba kazi za juu zinakosa watu wa hapa wenye elimu. Basi tufunge huo mwanya pale unapoanzia, yaani kati ya Exetat na chuo kikuu.

Mu makampuni kadhaa mkataba wa pamoja unasaidia minerval ya watoto mu shule ya msingi na sekondari. Diploma ikitoka, msaada unasimama. Tunalomba kwamba, mu mazungumzo yanayokuja, mwaka wa matayarisho uandikwe mu mkataba wa pamoja, kwa watoto watakaopita mtihani wa wazi, hapa hapa. Na kampuni inayotoa bursi iandike hivi: mwaka wa matayarisho analipa nani, mtoto akianguka kunafanyika nini, na orodha ya waliochaguliwa ibandikwe mlangoni, ili kila mtu aone kama ni watoto wa wafanyakazi wote ao ni wa wakubwa peke.

Tena, Code minier iliyobadilishwa mu 2018 inalazimisha kila kampuni ya kuchimba kutenga angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Feza ile imejenga visima na madarasa mahali pengine, na ni vizuri. Tunalomba sehemu yake ifungue darasa la matayarisho hapa: Kolwezi, Likasi na Fungurume. Mwaka mmoja, hesabu, fizika, kemia, Kiingereza na Kichina. Walimu tuko nao. Kuna maenjenyere waliostaafu wa Gécamines wanaokaa nyumbani na vitabu vyao. Kuna Wakongo waliosoma China ambao leo wanatafsiri mu makampuni. Mtoto akipita darasa lile, safari yake inakuwa nyepesi, na mwaka wake wa kule hauwi vita peke yake. Na mtoto asiyesafiri hakupoteza kitu: anaingia prepa ya UNILU na miguu yenye nguvu.

Kuna ndugu watakaosema: "Sendika ishughulike na mishahara, iache mambo ya shule." Tunawajibu kwa heshima. Mshahara unaenda wapi? Ukiuliza kwa nini mtu ameingia deni la Banki Lambert, mara nyingi utasikia ugonjwa, kilio ao shule. Mtu mwenye deni hawezi kukataa zamu ya hatari. Mtu mwenye deni haweki sahihi ku barua ya mgomo. Anayelinda feza ya mfanyakazi anamlinda mfanyakazi mwenyewe.

Wengine watasema tunawatisha wazazi, tunataka watoto wa wachimbaji wabaki wachimbaji. Hapana, ndugu. Tunataka waende. Tunataka binti wa shofere arudi daktari, na mtoto wa mchimbaji wa mkono akae mu ofisi ya mipango ya mgodi, si chini ya shimo. Lakini tunataka aende kwa mlango ulio wazi, anajua ni kitu gani kinamngoja, na mzazi anajua ni miaka mingapi atabeba.

Kwa hiyo, tangu sasa, delege wetu wa sendika mu kila kampuni ameombwa kupokea barua za shule za inje, siku ya Posho, mu ofisi. Tunatafuta kwa kila mji mtu mmoja wa Kiingereza na mmoja wa Kichina watakaosoma bila malipo. Mwanachama ao si mwanachama, mfanyakazi wa miniere ao wa sutretansi, mama mjane wa mfanyakazi, wote walete. Hatutasema "peleka" ao "usipeleke". Hiyo ni kazi ya mzazi na mtoto wake. Tutasema tu barua inasema nini, na inanyamaza juu ya nini.

Komisionere mzuri hataogopa jambo hili. Atasema, "Endeni, msomeshe barua, nitawangoja." Anayesema nafasi inaisha leo saa kumi, mwambieni vyuo vikubwa vya dunia vinatangaza tarehe zao miezi mingi mbele. Barua isomwe kwanza, franga itoke nyuma.